Samli kwenye Tairi

Mama mkwe aliponiletea kopo la samli nilainishie tairi, nilitupa ukutani kijiko nilichokuwa nikipandishia tairi. Baiskeli ya gia ya mwanangu ilikuwa imenisumbua tangu asubuhi, na harufu ile ikanirudisha Garissa ya utoto wangu.

Baba naye alilipaka samli tairi la baiskeli yangu lililokataa kuingia kwenye ringi. Likaingia.

"Maarifa ya wafugaji, binti yangu," akacheka.

Nikiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa mwisho, tairi, likiwa bado na samli, liliteleza kwenye ringi likang'oa mdomo wa tyubu, pale pa kujazia upepo. Nilitembea mchangani hadi shuleni nikakuta mlango wa chumba cha mtihani umefungwa.

Kesho yake nilimwendea abti, kaka wa mama, msikilizaji wa mashtaka ya nyumba yetu.

"Abti, namshtaki baba. Maji ya sabuni yalikuwepo, nayo hukauka; samli haikauki. Aende kwa mwalimu mkuu aseme mkosaji ni yeye, ili niruhusiwe kufanya mtihani."