Nilishusha Pikipiki ya Mzee, Nikamwacha Alaumu Umri Wake

Mimi ndiye niliyekosea. Naanza na hilo kwa sababu nimezoea kuanza habari zangu na makosa ya wengine, na nikifika kwangu nakuwa tayari nimechoka kusema. Leo nimegeuza.

Jina langu silisemi. Nikwambie tu kwamba niliacha shule kidato cha kwanza, nikaja Nairobi, na tangu hapo sijakaa kwa kazi yoyote mpaka inichoshe. Nimebeba mabati River Road. Nimechapisha fulana. Nimeosha magari, nimeuza miwani, nimelinda geti. Watu hudhani ni uvivu. Si uvivu. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, mwili unaniwasha, nataka kingine.

Pikipiki ndizo zilizonishika. Nilipata kibarua gereji moja Hurlingham, nyuma ya maduka ya Argwings Kodhek. Mwenyewe anaitwa Njoro, na hakuwa anatengeneza bodaboda. Alitengeneza pikipiki kubwa za watu wanaoendesha kwa raha zao. Hapo ndipo nikaijua kruza.

Kama hujaiona, ni ile pikipiki ndefu yenye kiti cha chini na usukani mpana, miguu unaitupa mbele kama umekaa sebuleni. Nazipenda za wastani, zile za injini ya cc mia sita hivi. Injini yake haina papara. Ukiifungulia mafuta kidogo inakuvuta kutoka chini, polepole, kama mtu anayejua anakokwenda. Barabara ikiwa wazi, hutatamani kiti kingine. Kwenye jamu ni adhabu, maana ni nzito na joto la injini linakupika paja. Tena kwa sababu miguu iko mbele, huwezi kujiinua ukikutana na tuta. Tuta lote unalimeza kwa uti wa mgongo.

Kuna ubaya mwingine. Kruza iko karibu na lami. Ukiilaza sana kwenye kona, vyuma vya chini vinagusa barabara. Cha kwanza kugusa ni kikanyagio cha mguu, ambacho hukunjika. Kikikwaruza, hilo ni onyo, usizidi hapo. Ukizidi, inagusa fremu yenyewe, na fremu haikunjiki. Inainua gurudumu la nyuma na mko chini.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nayasema ili usije ukanihurumia kwamba sikusoma.

Mzee Kioko alikuja gerejini akiendesha kruza nyeusi aliyojinunulia alipostaafu serikalini. Ni Mkamba mfupi, nadhifu, wa kupiga pasi hata leso. Yeye na mkewe, Mama Mutheu, walikuwa wanaishi nyumba ya nyuma katika boma la binti yao, Spring Valley. Boma zuri, lakini ukimsikiliza unajua. Chakula kilipikwa kwa saa za binti. Gari lilikuwa la binti. Geti lilifunguliwa kwa ruhusa ya binti. Kitu kimoja tu kilikuwa chake, na ndicho kilichokuwa kikinguruma mbele yangu.

Kila Jumapili alimpakia Mama wakaenda kanisani, kisha wakapotea mpaka jioni bila kumuuliza mtu. Aliniambia hivyo akicheka kama kijana aliyetoroka bweni.

Tulizoeana haraka kwa sababu ya maswali yangu. Nilimuuliza kila kitu. Kwa nini chuma kinapata kutu na shaba haipati. Serikalini faili inapoteaje. Naye alinijibu, hakuniona mjinga. Nikaanza kwenda kwao Spring Valley, Mama ananiwekea chai na viazi vitamu, na mimi nauliza tu.

"Huyu Mluhya wako," Mama akamwambia Mzee siku moja, "ameuliza mpaka chai imepoa. Kunywa kwanza, mwanangu, maswali hayaozi."

Mwanangu! Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo katika jiji hili isipokuwa wanaotaka kura.

Sasa sikia nilichofanya.

Mzee alileta pikipiki na ombi dogo. Kiti cha nyuma kilikuwa chembamba, Mama alikuwa anafika kanisani kiuno kimekufa. Alitaka kiti kipana, basi. Njoro alikuwa amekwenda mazishi kwao Nyahururu, akaniachia gereji na sheria moja aliyokuwa akiirudia kila wakati. Ukigusa springi za pikipiki, usimpe mwenyewe kabla hujaijaribu ukiwa umempakia mtu.

Kiti nilikitengeneza vizuri, hilo najipa. Godoro gumu chini, laini juu, ngozi nikaishonesha River Road kwa mtu anayeshona viti vya basi. Kikatoka kama kochi. Lakini nilipokiweka, pikipiki ikaonekana imeinua matako. Nami nilikuwa nimeona picha za kruza zilizoshushwa, zimelala chini kama chui. Nikajiambia Mzee ni mfupi, atakanyaga chini vizuri kwenye jamu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona. Nilitaka tu kujua itakuwaje!

Nikatoa springi za nyuma, nikaweka nyingine fupi, laini, za pikipiki ndogo. Nikaijaribu peke yangu. Ilikuwa tamu ajabu. Matuta yote yakayeyuka. Springi laini hudanganya hivyo, unahisi starehe kumbe pikipiki inazama.

Kwenye raundabauti nikasikia mkwaruzo. Nilikuwa peke yangu, sina mwili wa maana, na mwendo haukuwa mkubwa. Kikanyagio cha kulia kilikuwa kimegusa lami. Nikajua papo hapo kwamba wakipanda wawili, na mkoba, itazama zaidi.

Kurudisha zile za zamani ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Sikurudisha. Kile kikanyagio kilikuwa kimechubuka ncha, kinang'aa. Nikachukua rangi nyeusi ya kupuliza nikakifunika.

Mzee alipokuja, aliizunguka, akaikalia, miguu yote miwili ikakanyaga chini bapa. Akanitazama. "Fundi," akasema. Si kijana. Fundi. Mtu aliyeacha shule akiitwa fundi na mtu aliyesaini barua za serikali, ukweli unakwama kooni. Wangu ulikwama ukakaa.

Baada ya muda akanipigia simu. Akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kimelegea, maana akikata kona anasikia kitu kinakwaruza. Hiyo ilikuwa nafasi yangu, nimeletewa mpaka mkononi. Nikamwambia labda anailaza sana, apunguze. Akakubali. Akasema kweli, siku hizi hata yeye anajiona si kama zamani.

Nikaacha hivyo.

Walianguka Jumapili, wakitoka kanisani, raundabauti moja upande wa Westlands. Matatu iliwachomekea, Mzee akalazimika kubana kona. Fremu ikagusa. Gurudumu la nyuma likainuka, wakateleza ubavu, na pikipiki ikamlalia Mama mguu wa kulia. Nyonga ikavunjika.

Pikipiki ililetwa gerejini kwa pikapu jioni hiyohiyo. Ilikuwa siku ya mapumziko na funguo nilikuwa nazo mimi. Ungetarajia nikimbie hospitali. Mimi nilifunga mlango kwa ndani nikazitoa zile springi fupi, nikarudisha za zamani. Njoro alipoikagua Jumatatu akakuta kila kitu sawa. Akatikisa kichwa, akasema wazee na pikipiki jamani. Nikampa kitambaa afute mikono.

Nilikwenda hospitali Mama ameshafanyiwa upasuaji, amelala. Mzee alikuwa kwenye benchi la nje, mkono umefungwa bandeji, shati lenye damu limekunjwa vizuri kwenye mfuko wa karatasi. Aliponiona akasimama. Alisimama kwa ajili yangu!

"Nisamehe," akasema. "Ulinitengenezea kitu kizuri, nikakiharibu. Ulinionya hata kwa simu. Mikono yangu imezeeka na sikutaka kukubali."

Binti yake Mutheu alikuwa amesimama pale pale. Akaniangalia kana kwamba anangoja nimsaidie kumaliza jambo la baba yake na pikipiki.

Nikamaliza. Nikasema, "Ni umri, Mzee. Hutokea."

Mutheu akaitikia kwa kichwa. Mzee akaketi tena, polepole, na kuketi kwake siku ile kulikuwa kwa mzee kweli.

Pikipiki ikauzwa. Leseni akampa binti aiweke. Nami nikaacha kazi ya Njoro, nikasema mwili unaniwasha, nikarudi River Road kuuza misumari na bawaba. Lakini safari hii sikuwa natafuta kitu kipya. Nilikuwa nakimbia, na unajua River Road si mbali na Spring Valley. Ni mimi tu niliyeifanya mbali.

Sikuenda kwao tena. Mama alinitumia salamu na mtu, kwamba nimewatupa. Sikujibu. Maswali pia yakaniisha. Naona mashine, naona mtu anachomelea geti, sina hamu ya kuuliza. Hiyo ndiyo iliyonitisha, maana sina kingine nilichojaliwa.

Kisha nikakutana na Mutheu duka la dawa Hurlingham. Nikamwuliza habari za wazazi. Akasema Mama anatembea na fimbo, anajitahidi. Baba ndiye tatizo. Nikauliza anaumwa nini.

"Haumwi," akasema. "Nimezaa, na baba hajamshika mtoto. Nikimpa anarudisha mikono nyuma. Anasema hiyo mikono haiaminiki."

Nilikwenda kesho yake. Sikwenda kwa ujasiri, nikwambie ukweli. Nilikwenda nikijiona nabeba zawadi, eti nikisema atafurahi, atarudi kuwa yule Mzee. Nilijifikiria hata nikikumbatiwa!

Walikuwa wameketi barazani, viti vyao vimeachana mbali. Nikawaambia yote. Springi, mkwaruzo wa kwanza, rangi nyeusi, simu, Jumapili ile nilipojifungia gerejini. Hawakunikatiza.

Mzee akauliza, "Ulisikia ikikwaruza kabla yangu?"

"Kabla yako, Mzee."

"Na nilikuwa nakusifu kwa watu."

Nikamwambia haikuwa umri. Nikamwambia mikono yake haikuwa na kosa lolote, alikata kona vile mtu yeyote angekata, angeweza kuendesha hata leo. Nililia nikisema. Hakulia.

"Wakati ule haikuwa umri," akasema. "Sasa ni umri. Nimekaa hapa nikiuamini mpaka umekuja. Kijana, leo hata ukiniletea ile pikipiki ikiwa mpya, nitaanguka nayo getini."

Kijana. Fundi ilikuwa imekwisha.

Mama alikuwa ameilaza fimbo mapajani. Nilidhani atanitetea. Ndiye aliyekuwa na nafasi ya kunitetea.

"Mguu nilisamehe zamani, nikidhani namsamehe huyu," akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Lakini tangu hospitali hajanishika mkono. Hapa kwa ngazi ananiambia nishike ukuta, nisimshike yeye. Miaka yote hiyo ya ndoa, nashika ukuta. Sasa wewe niambie, hiyo nikusamehe namna gani?"

Nikasimama. Akaniambia niende, na nisije tena mpaka waniite. Hawajaniita.

Mutheu alinifungulia geti bila kuniangalia. Nikatembea mpaka Westlands kwa miguu nikitafuta mtu wa kumlaumu, nikamkosa. Nilimfikiria dereva wa matatu, nikamfikiria Njoro aliyeniachia gereji. Wote hawakutosha.

Ewe unayesoma, kama unatengeneza pikipiki za watu, usishushe kruza ya mtu kwa sababu ya picha. Ukishusha, ijaribu umempakia mtu, na ukisikia chuma kinagusa lami mwambie mwenyewe siku hiyohiyo, hata kama ndiyo siku anakuita fundi kwa mara ya kwanza. Na wewe unayeendesha, ukibadilishiwa springi halafu ukaanza kusikia mkwaruzo ambao hukuwahi kuusikia, usijilaumu haraka. Inama uangalie chini ya pikipiki yako. Muulize aliyeigusa, tena muulize mbele za watu.

Lakini springi si kosa langu kubwa. Springi nilizirudisha kwa jioni moja. Kubwa ni pale kwenye benchi la hospitali. Mtu akianza kukuomba msamaha kwa kosa ambalo ni lako, mkatize. Mkatize hata kwa jeuri, hata mbele ya watoto wake. Mimi nilimsikiliza mpaka akamaliza.