Simu ya Mama na Sauti ya Kutoka Kilwa

Masikio ya mama yalizeeka kabla ya mama mwenyewe. Miguu ilikuwa bado inampeleka sokoni Mbagala na kumrudisha na kapu la nazi, macho yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani, lakini ukimwita kutoka uani unaweza kuita mpaka wakaitika watu wa mtaa wa tatu, yeye kimya. Ukisimama mbele yake anakujibu vizuri kabisa. Basi sie tukajisemea kwamba ni ujanja wa mtu mzima, anachagua la kusikia na la kuliacha lipite.

Jambo moja ndilo lililotuumiza. Kila siku baada ya Alasiri mama alikuwa akizungumza kwa simu na dada yake anayeishi Kilwa, mama mkubwa wangu mie. Katika watoto wa babu wamebaki hao wawili tu. Mama mkubwa hana simu ya kioo, ana kitochi, tena chenyewe kimefungwa kwa mpira wa manati ili betri isidondoke, kwa hiyo mambo ya kuonana kwenye video hayapo. Ni sauti peke yake, na sauti ikawa haifiki. Mama anaibandika simu sikio la kulia, anaihamishia la kushoto, anaitikisa kama kiberiti kilichobaki na njiti moja.

"Dada, sema kwa nguvu! Unaongelea kisimani?"

Kipaza sauti cha nje hakutaka kukisikia. Maneno yake na dada yake, alisema, si ya kugawiwa mtaa mzima kama pilau la maulidi.

Hapo mie nikaingia, kifua mbele. Nina cheti cha kompyuta nilichokipata kwenye masomo ya jioni, miaka ile ya kutoka kazini na kwenda kusinzia juu ya kibodi mpaka herufi zinabaki zimechapwa shavuni. Nimekifunga nailoni, nimekitundika sebuleni juu ya jokofu, na hakuna mgeni aliyewahi kunywa maji ya baridi nyumbani kwangu bila kukisoma.

"Kiwandani wameiwekea mwisho wa sauti," nikamweleza mke wangu. "Ukitaka kuupita, lazima simu uiruti."

"Uifanyeje?"

"Niiruti. Sasa hivi mama ni mpangaji ndani ya simu yake mwenyewe, hapigi msumari ukutani bila ruhusa. Nikiiruti anakuwa mwenye nyumba, anavunja ukuta anaotaka."

"Na wewe unakuwa dalali," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Nikairuti. Nikapachika ndani yake kiongeza sauti, kiprogramu kidogo kinachoisukuma spika ya sikioni kupita ule mwisho wa kiwandani. Alasiri ile mama akapiga Kilwa, nikasimama mbele yake nimeshika kiuno, roho juu.

"Unamsikia?"

Akanitazama usoni. "Ehee! Namsikia kama yuko jikoni!"

Jamani, niliruka. Niliruka mpaka kuku wakahama uwanja. Nilimsimulia kinyozi kwamba sauti ya simu ile inaweza kuamsha kijiji, nikamsimulia muuza chapati, nikawasimulia watu waliokuwa hawajaniuliza hata habari za asubuhi. Na tangu siku hiyo mama hakulalamika tena. Anakaa barazani, anakunja mguu mmoja, simu sikioni, "ehee", "alhamdulillah", "usiniambie!", kicheko. Mie napita na ndoo ya maji najiona nimemjengea ghorofa.

Sasa, ile programu ya ujumbe ambayo mama huletewa picha za wajukuu ikaanza kutoa onyo kwamba karibuni itagoma, mfumo wa simu umepitwa na wakati. Mama akanionyesha lile onyo kana kwamba nimelituma mie.

"Si ubonyeze tu pale palipoandikwa Sasisha?" akauliza mke wangu.

"Thubutu!"

Nikamfafanulia. Ukibonyeza pale, simu inajivalisha mfumo mpya mzima mzima kutoka kiwandani, pamoja na faili lake la kuwashia, na ruti inakaa kwenye faili hilohilo. Faili likibadilishwa, ruti imekwenda, mama kawa mpangaji tena, na Kilwa imerudi kisimani. Njia ni kuushusha mfumo mpya mwenyewe kwenye kompyuta, unalichomoa faili la kuwashia, unalipitisha kwenye programu ya kurutia ili lipandikizwe ruti likiwa bado nje, halafu ndipo unauingiza mfumo wote kwa waya pamoja na lile lililopandikizwa. Kuna kifurushi kinachofuta kila kitu na kuna kisichofuta. Ukikosea, picha za wajukuu zote kwa heri. Na kabla ya yote unavizima vile viprogramu ulivyopachika, maana vimeshonwa kwa kipimo cha mfumo wa zamani. Ukiviacha vikiwaka, simu inaweza kunasa kwenye nembo isiendelee mbele wala kurudi nyuma.

"Umesema mpaka kiti kimechoka," akasema mke wangu.

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi mchana. Bando la kushushia ule mfumo lingetosha harusi nzima kurusha video. Kompyuta ilipata moto wa kukaangia vitumbua. Nilizima kiongeza sauti, nikachomoa, nikapandikiza, nikachagua kifurushi kisichofuta, nikaunga waya huku namwomba Mungu umeme usikatike. Mstari ukawa unajaa kwenye kioo polepole kama maji ya bomba la Temeke. Simu ikazima. Ikawaka. Nembo ikakaa mpaka nikaanza kusoma kila dua niliyofundishwa chuoni utotoni. Kisha ikafunguka, picha zote zipo, mfumo mpya, na nilipoifungua programu ya kurutia ikaniambia ruti ipo palepale. Nilipiga ukelele ambao nadhani Zanzibar waliusikia.

Mama alikuwa keshasimama mlangoni kanyoosha mkono. Alasiri imepita, saa ya dada yake. Nikampa. Akaenda barazani, akakunja mguu, akapiga.

Mie nikajimiminia chai, nikakaa kizingitini nyuma yake kuufaidi ushindi wangu. "Dada, hujambo? Ehee. Sie salama. Watoto? Alhamdulillah. Na kuku?" Kicheko. "Usiniambie!"

Nilikuwa nimeshafika nusu ya kikombe nilipokumbuka. Kiongeza sauti nilikizima. Sijakiwasha.

Nikaweka kikombe chini. Simu ile ilikuwa na sauti yake ya kiwandani tu, ileile iliyomfanya aitikise kama kiberiti. Na mama anacheka.

Nikazunguka mbele yake, nikamwashiria aniachie nimsalimie mama mkubwa. Akanipa. Nilipoiweka sikioni nikasikia kama siafu kwenye kopo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Hivi mama yako nimemkosea nini?"

"Kwa nini?"

"Namwambia naumwa, anacheka. Toka kabla ya mfungo namwambia, mdogo wangu, hili tumbo halinipeleki mbali, njoo nikuone. Ananiuliza kuku. Leo nimemwambia tena, kaniambia usiniambie." Akapumua kwa shida. "Nyie watoto sikutaka kuwapa maneno haya kwenye simu. Nilimwambia yeye, nikajua atawaambia. Kama hataki kuja, si aseme?"

Kwetu Pwani salamu ina njia yake, na njia hiyo haijawahi kupinda. Hata nyumba ikiwa inaungua, ukiulizwa habari unajibu njema kwanza, ndipo unaongeza: njema, ila nyumba inaungua. Hujambo, sijambo, wa huko, salama, watoto, hawajambo. Mtu anaweza kuitembea njia hiyo amefumba macho. Mama mkubwa alikuwa anasema njema kila siku, kisha ndio anasema ila. Na mama hiyo ila hakuwahi kuisikia.

Nikamwomba mama mkubwa akate, nitampigia. Nikakiwasha kiongeza sauti, nikaizima simu na kuiwasha, maana bado nilikuwa najidanganya kwamba tatizo ni hili la leo tu. Nikapiga. Sauti ikatoka kali ajabu. Nilikuwa nimeishika mbali na uso wangu lakini kila neno nalisikia, na pumzi katikati ya maneno. Nikambandika mama sikioni, nikarudi hatua nyuma.

"Mdogo wangu," ilisema simu, hata mke wangu jikoni akageuka. "Njoo nikuone. Naumwa, mdogo wangu. Njoo."

Mama akatabasamu. "Njema, dada," akasema. "Na kuku wanataga?"

Nikaitoa simu mkononi mwake bila kukata. Nikachuchumaa mbele yake, na hapo ndipo nikaona anachokitazama. Hakuwa akinitazama machoni. Alikuwa akiutazama mdomo wangu, na pengine kwa miaka mingi alikuwa akiitazama midomo yetu sote, tunapita mle ndani tunabwabwaja, hakuna aliyejua.

"Mama, unamsikia mama mkubwa?"

"Namsikia."

"Amesema nini?"

"Kasema hajambo." Akaona uso wangu. Akaanza kuvuta ncha ya khanga. "Sijawahi kumsikia kwenye hiyo simu, baba. Hata ile siku ya kwanza."

"Si ulisema kama yuko jikoni?"

"Ulikuwa umehangaika wiki nzima na mawaya. Umesimama pale unanitazama kama mtoto aliyeleta matokeo ya shule. Ningekwambiaje?" Akaitazama simu mkononi mwangu. "Na nikikaa nayo sikioni, najua yuko upande wa pili. Inanitosha."

Simu ilikuwa bado inaita jina la mama kwa ile sauti kubwa niliyoitengeneza mwenyewe.

Nikaiweka sikioni kwangu. Nikamwambia mama mkubwa: mama hasikii, hajakusikia siku nyingi, sema na mie nitamwambia. Nikasogea mpaka magoti yangu yakagusa ya mama. Mama mkubwa anasema, mie narudia polepole, nikiyafungua maneno kwa midomo, na mama anayasoma.

"Naumwa, mdogo wangu."

Mama akaacha khanga.

"Nimekuita toka kabla ya mfungo. Nilidhani umenichoka."

Maneno yale niliyatamka mie, kwa mdomo wangu, mbele ya mama yangu. Mama akautazama huo mdomo kana kwamba ndio uliomtukana. Kisha akainamia simu palepale ilipo sikioni kwangu, paji lake likagusa shavu langu, akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Nikuchoke wewe, dada? Nikuchoke wewe? Mie kiziwi! Nimekuwa kiziwi, dada, nikaona haya kukwambia!"

Upande wa pili kilio. Akajiondoa, akanitazama tena mdomo, anasubiri.

"Anasema nini?"

"Analia, mama."

"Na nini?"

"Anasema njoo."

Alfajiri tulikuwa kwenye basi la kusini, mie, mama na kifurushi cha mikate ya kumimina ambayo mama mkubwa huipenda. Mke wangu alipopiga kuuliza tumefika wapi, nilimjibu kwa sauti ya chini, nikajikuta nafunika mdomo kwa kiganja.

Tulimkuta hai. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo hali ilikuwa imembadilikia; mdomo ulifunguka kwa kijiko cha uji tu, maneno yamekwisha. Alimtambua mama, akamshika mkono. Mama akavuta kigoda mpaka usoni pake, akakaa akiutazama ule mdomo tangu adhuhuri mpaka magharibi, akishtuka kila ulipotikisika. Kila ulipotikisika ilikuwa ni pumzi.

Tulimzika kabla ya wiki kwisha. Siku hizi, baada ya Alasiri, mama huniita barazani, ananikalisha mbele yake kwenye mwanga.

"Hebu sema," huniambia, "kama alivyosema."

Nami husema.