Waliomsikia Baba

Siku tuliyomzika baba, vijana aliowafundisha kazi walikuja wamevaa fulana zenye uso wake. Uso huo waliutoa kwenye picha ya familia. Mama walimkata, ila vidole vyake vilibaki begani mwa baba, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni vya nani. Walikuwa na haraka. Walitaka kuonekana wakilia.

Waliongea kwenye maikrofoni mmoja baada ya mwingine, jenereta ikinguruma nyuma ya turubai. Debe tupu haliachi kuvuma. Baba yetu sote, nguzo ya mji wa Baraka, taa ya Fizi nzima. Mmoja wao, ambaye siku hizi ni mkubwa kidogo katika ofisi ya serikali na anapenda sana kusafisha koo, alimgeukia mama pale kwenye mkeka akasema: “Mama, siye batoto yako tuko hapa. Hautaanguka.” Watu wakampigia makofi, msibani! Mimi niliangalia viatu vyake tu.

Naomba nieleweke: sifa zenyewe hazikuwa za uongo. Ni midomo iliyozitoa ndiyo inayonichefua. Baba alikuwa mwashi. Aliwachukua vijana waliokuwa wakishinda ufukweni bila kazi, wengine wametoka porini na bunduki za watu, akawapa mwiko na kuwafundisha kupandisha ukuta. Kabila hakuuliza. Watoto wa wavuvi wa Swima walikanyaga udongo mmoja na watoto wa wafugaji kutoka milima ya juu, na aliyeleta matusi alirudishwa kwao na njaa yake. Jumapili baada ya ibada walijaa uani kwetu, wakala, kisha akawafundisha maisha: jinsi ya kuishi na mke, jinsi ya kukaa mbele za watu. Papa Mulezi, ndivyo walivyomwita.

Nyumbani alikuwa mtu wa kuchekwa, na alichekwa. Alimchotea mama maji, beseni kichwani, mchana kweupe. Wanaume wa avenue yetu walisema amelishwa dawa. Yeye aliwajibu kwamba kama dawa ya namna hiyo ipo, wake zao waitafute haraka. Mama alipougua, baba alifua nguo zake mwenyewe, akazianika vibaya sana, na mama akainuka kitandani kabla ya kupona ili azianike upya. Nilimpenda baba yangu. Mpaka leo nikisikia mwiko ukikwangua tofali, moyo wangu unaruka.

Nyumba yetu waliijenga wawili. Mama alibeba mawe kutoka mto Mutambala akiwa na mimba yangu. Ndiyo maana kila Jumapili, chakula kikiletwa, baba aliwaambia vijana wale: “Museme aksanti kwa mama yenu. Hii nyumba iko yake. Mi niko mugeni tu.” Walicheka, wakasema aksanti. Kwa miaka yote ile, hata kiziwi angekuwa ameshika.

Kikulacho ki nguoni mwako. Matanga hayajapoa, baba mdogo akashuka kutoka Uvira na mnunuzi. Huyo mnunuzi alizunguka uwanja, akagonga kuta za baba kwa kidole kama mtu anayechagua chungu sokoni. Na baba mdogo, ambaye kaka yake alipokuwa mgonjwa alituma salamu kwa simu za watu, alimweleza mama kwamba nyumba ya kaka ni nyumba ya ukoo, hivyo shemeji yake arudi kwao Lweba akapumzike. Akapumzike! Mtu hajaleta hata tofali moja anakuja kugawa mapumziko.

Chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, aliitwa. Si mtu mbaya, ni mtu anayependa mambo yaishe mapema. Alisema: wakipatikana watu wawili, wasiwe watoto wa mama, waliomsikia marehemu akisema nyumba ni ya mkewe, maneno yamekwisha. Wasipopatikana, ukoo utaichukua. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akaniambia nikae, binti yuko upande wa mama yake.

Wawili tu! Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Aliwaita vijana wa baba, akapika bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mikeke wa kukaanga, kama Jumapili. Walikuja wote. Wakanawa, wakala. Baba mdogo naye alikula, tena kwa utulivu wa mtu anayekula cha kwake.

Chef akasema: “Benye balisikia, baseme.”

Mmoja alitafuta mdomoni mwiba ambao haukuwepo. Mwingine alisoma simu iliyozimwa. Yule wa ofisini akasafisha koo, nikadhani sasa mambo yameiva. “Papa alisemaka mambo mengi,” akasema. “Ile mi sikusikia muzuri.”

Mama aliinuka. Hakupiga kelele. Alipita akichukua sahani mbele ya kila mmoja, samaki akiwa nusu, tonge la mtu likiwa bado mkononi. Kwetu hata adui huwezi kumwondolea chakula akiwa anakula. Mama aliondoa. Baba mdogo aliishika ya kwake kwa mikono miwili, mama akavuta, mchuzi ukamwagikia suruali. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kijana mmoja, mpole kuliko wenzake wote, alimfuata mpaka jikoni, nami nikawafuata. Alikuwa analia. “Mama, utusamehe. Papa alitufundishaka: mukubwa akisema, mutoto ananyamaza. Baba mudogo iko mukubwa.”

Hapo dharau yangu ilikosa pa kwenda. Ilikuwa kweli. Baba aliyasema hayo uani kwetu kwa sauti yake nzuri ile, na watu wazima wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliwanyoosha vijana wake kama alivyonyoosha kuta zake, wakasimama wima, na ukuta hausemi.

“Basi alikufundisha mubaya,” mama akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kusema neno hilo juu ya baba, akiwa hai wala akiwa mfu. Lilimtoka mama taratibu, macho makavu. “Nilimupenda sana. Na kwa hii alikosea. Sasa rudia kule ndani, useme.”

Alirudi. Tulimsikia akisema: “Mi nilisikia. Nyumba iko ya mama.” Baba mdogo akamwita mtoto asiye na adabu. Chef akakohoa, akasema huyo ni mmoja, amebaki wa pili, na yeye atamngoja.

Bado anamngoja. Mama analala ndani ya nyumba hiyo bila kujua ya kesho, na baba mdogo hajachoka kupiga simu. Wale wengine wote wako hapa hapa Baraka, wazima. Wakikutana na mama sokoni wanainama, wanampokea kikapu, wanamsalimia vizuri sana.