Nguo Zisizofukizwa

Binti yetu alipozaliwa, mke wangu aliingia arobaini, na kazi ya kwenda dukani ikawa yangu. Kwetu Garissa mama aliyejifungua hatoki nyumbani mpaka siku hizo ziishe. Anakandwa, analishwa, anahudumiwa. Mama yake alikuwa amesafiri kutoka Mandera kuja kumtunza. Mimi niliachiwa mambo ya nje: maji, nyama, na sabuni ya mtoto.

Nilidhani sabuni ni jambo dogo. Sokoni kuna mama mwenye kibanda cha vitu vya watoto, na rafu zake zilijaa chupa zilizopita mpakani Liboi, zenye maandishi ya Kiarabu na Kituruki, pamoja na zile za Nairobi zenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Nilichagua kwa pua. Nilifungua kila kifuniko, nikanusa, nikabeba vilivyonukia zaidi: sabuni, poda na mafuta. Ukiwa mzazi mpya, usione haya ukifanya hivyo, karibu sote hufanya. Ila kumbuka kwamba pua ni yako na ngozi ni ya mtoto.

Haikupita wiki, vipele vikatoka. Vilikuwa vyekundu, vimeshikana, na mtoto alilia kila alipobebwa. Lililotutisha ni kwamba aliacha kunyonya vizuri. Alishika ziwa kidogo, akajinyonganyonga, akaachia. Mke wangu alikuwa akimtazama, kisha akinitazama mimi.

Nikarudi kibandani kubadilisha sabuni. Siku iliyofuata nikarudi kubadilisha mafuta.

"Waryaa, umekuja tena?" mama wa kibanda akaniuliza. "Huyo mtoto unamwogesha au unamlisha sabuni?"

Wanawake waliokuwa wakichagua nepi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka nao, lakini nilitoka pale nimeamua: sitanunua chupa nyingine mpaka nijue ninapambana na nini.

Tulimwita muuguzi wa zahanati ya jirani. Alimkagua mtoto taratibu, akatuambia hana homa, na kwamba kuna kitu kinachogusa ngozi yake kinamsumbua. Akatushauri tuache kila kitu, tumwogeshe kwa maji matupu, kisha turudishe kimoja kimoja, kwa kupisha siku kadhaa kati yake. "Mkibadilisha vyote kwa pamoja, hamtajua ni kipi," alisema. "Akipata homa au vipele vikitoa usaha, mleteni mara moja."

Tukaacha sabuni. Tukaacha poda, tukaacha mafuta. Vipele vikabaki palepale.

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia badala ya kununua. Wakati wa kuogeshwa nilimtazama mwanangu kipande kwa kipande. Uso ulikuwa safi. Viganja vilikuwa safi. Vipele vilizunguka shingo, vikashuka mgongoni na makwapani, vikafuata shati lake kama vile vimechorewa mpaka. Nikainua macho. Kwenye kona ya chumba, chetezo kilikuwa kikitoa moshi, na juu yake, kwenye kikapu kilichogeuzwa kifudifudi, zilitandazwa nguo ndogo za binti yangu.

Ilikuwa unsi ya mama mkwe, ubani wa kufukizia nguo. Aliipika mwenyewe huko Mandera, kwa sukari, utomvu wa miti na manukato, na akasafiri nayo mapajani kwa ajili ya mjukuu wake wa kwanza. Hakuna nguo iliyomgusa mtoto kabla ya kupita kwenye moshi ule.

Sasa, kwetu mume hamkabili mama mkwe wake. Unainamisha macho, unapitisha maneno kwa mkeo. Nikampa mke wangu kazi hiyo, naye akairudisha. "Mwambie wewe. Mimi nikimwambia atasema mji umeniharibu."

Basi nikaanza na mikono. Nilizifua nguo zote za mtoto uani, nikazisuuza mpaka maji yakawa hayana harufu, nikazianika. Jirani akachungulia langoni.

"Sheikh, kumbe wewe ndiye uliyejifungua?"

"Ndiyo. Mbona umekuja mikono mitupu?"

Nguo zilipokauka, mama mkwe akatoka na kikapu chake kuzianua. Nikasimama kati yake na kamba, macho yakiwa chini.

"Hooyo, nisamehe. Naomba hizi zivaliwe hivi hivi."

"Bila unsi?"

"Vipele viko pale shati linapogusa tu. Sabuni tumeacha, mafuta tumeacha. Kilichobaki ni moshi."

"Wote niliowazaa niliwafukizia. Hata huyo mkeo. Unataka mjukuu wangu anuke kama mbuzi?"

"Nifukizie mimi, hooyo. Yeye tumpe siku chache, tuone."

Niliona vidole vyake vikiubana ukingo wa kikapu.

"Siku chache," akasema. "Vipele visipoondoka, utaniomba radhi mbele ya wageni wote wa arobaini."

"Nitaomba, wallahi."

Chetezo kikahamia uani, upande ambao upepo haurudi ndani. Shingo ndiyo iliyotangulia kukauka, kisha mgongo. Asubuhi moja nilimsikia mtoto akinyonya, kwa zile sauti za mtu mwenye kiu aliyeachwa kwa amani, na mke wangu akanipungia mkono nikae kimya. Mama yake alipompokea mtoto, aliingiza pua yake shingoni.

"Ananuka maziwa," akasema.

Ijumaa nilikuta kanzu yangu imefukizwa mpaka kwenye pindo. Niliivaa kwenda msikitini, na niliporudi nilinyoosha mikono nimpokee binti yangu. Mama mkwe akageuka naye upande, akanipa mgongo.

"Vua kwanza," akasema.