Tangu Maji ya Moto Yapate Nguvu, Benchi Langu Liko Tupu

Assalamu alaykum ndugu zangu wasomaji, na ninyi Wakristo nawasalimu kwa amani ya Bwana. Hamjambo huko mliko? Mmeamka salama? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila moyo ndio ulionishikisha kalamu. Jina langu mlifiche tafadhali, maana ukurasa huu unapita mkono kwa mkono hapa mtaani kwetu Buyenzi, na hao nitakaowataja watausoma.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili. Shule niliishia darasa la sita, mnivumilie. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Mwanzoni mwa vita hivi alipanda na mzigo kuelekea ndani ya nchi, hakurudi, na hakuna aliyeniletea hata kiatu chake. Binti yangu aliolewa Kigoma, kaka yake akamfuata. Nimebaki mimi na saa ya ukutani.

Nyumbani kwangu kuna kitu ambacho majirani hawana: mtungi wa umeme wa kuchemsha maji. Mume wangu aliupata kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka arudi kwao, akaufunga mwenyewe bafuni, akavuta bomba moja mpaka uani. Zamani ilikuwa starehe tu. Lakini makaa yalipoanza kuadimika, maana barabara za milimani hazieleweki, watu wakalikumbuka bomba langu. Na mnajua mzazi kwetu lazima akandwe kwa maji ya moto mpaka arobaini yake iishe, na wazee wana magoti yao. Basi kila asubuhi, saa ya kuzuiwa kutembea ikishapita, ndoo zilijipanga uani.

Shida ilikuwa moja. Maji ya baridi yanatoka kwa nguvu, ya moto uzi tu. Kujaza ndoo, mtu angemaliza kuchambua mchele wa familia. Nikatoa benchi, watu wakae. Hapo ndipo tulipokuwa tunaulizana milio ya jana ilikuwa upande gani, nani amepata habari za mtoto wake, nani amehama. Bibi Zaituni wa nyumba ya nyuma, magoti yanamuuma lakini mdomo haumuumi, alikuwa akiliangalia bomba na kusema, "Mwanangu, robine yako inakojoa kama babu yenu!"

Mama Neema, mkimbizi kutoka Uvira aliyetoka kujifungua, anashika tumbo. "Bibi, usinichekeshe, nyuzi zitaachia!"

"Ziachie, mumeo atashona. Si fundi wa nguo?"

Tunacheka mpaka na waliokuja na huzuni zao wanacheka. Ndoo ikijaa, mtu anasema, ngoja nimalizie hii habari. Wallahi, hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu. Wakiondoka naanza kungoja kesho.

Siku moja Mama Neema akashindwa kukaa. Aliegemea ukuta, jasho linamtoka. "Mama, mi nikikaa sana mgongo unakatika. Na mutoto nimemuacha analia." Nikaona haya. Nikasema kwenye sala yangu, ee Mola, kuyatengeneza maji haya iwe sadaka yangu.

Nikamwita Fundi Saidi wa mabomba. Akafungua bomba la baridi, akafungua la moto, akasikiliza. "Ya baridi iko na nguvu, ya moto apana. Basi shida haiko ku barabara, iko mu nyumba." Akaufungua mtungi kwa chini kuumwaga, yakatoka magamba meupe kama maganda ya mayai. Akalikata bomba la chuma linalotoka kwenye mtungi, akanionyesha ndani: kutu imejaa, imebaki nafasi ya njiti ya kiberiti. "Mama, maji ilikuwa inapita hapa kwa huruma ya Mungu." Akaweka bomba jipya. Kisha akanionyesha pale kwenye mtungi kigurudumu kidogo cha kufungia maji, kilichokuwa kimefungwa nusu tangu enzi za mume wangu. "Nimefungua yote. Ukitaka kupunguza, zungusha hivi."

Kesho yake maji yalitoka kwa kishindo. Watu walipiga vigelegele, Bibi Zaituni akanibusu mkono. Sasa ndoo inajaa kabla salamu hazijaisha. "Asante mama, Mungu akuzidishie," wameshafika mlangoni. Nimepika chai, nimeinywa mwenyewe mpaka ya mwisho.

Sasa nisikilizeni. Juzi, baada ya sala ya alfajiri, niliingia bafuni nikakizungusha kile kigurudumu. Maji yakarudi kuwa uzi. Bibi Zaituni akaja, akatega ndoo, akakaa. "Kumbe ugonjwa umerudi!" Akaanza kunisimulia ya mjukuu wake, nami moyo wangu ukawa mweupe. Ndipo akaingia Mama Neema. Aliutazama ule uzi, akaweka mkono kiunoni. Nikajifanya naingia kutafuta sukari, nikafungua yote. Mama Neema akajaza akaenda. Na Bibi naye akajaza, akaenda.

Ndugu zangu, sitaki wakae kwa kunihurumia, ndiyo maana nimeficha jina. Lakini nishaurini, nifanye nini? Nikipunguza kidogo tu, siku ambazo hakuna mgonjwa, Mungu ataniandikia dhambi? Au nifundisheni: unamwambiaje jirani "kaa kidogo," na ndoo yake imeshajaa?

Tafadhali nijibuni upesi. Arobaini ya Mama Neema inakaribia kuisha, na baada ya hapo hatakuwa tena na sababu ya kuja.