Kofia ya Otieno Mpaka Homa Bay

Tulitoka Awendo kwa sababu ya pua. Mdogo wangu Otieno ana ualbino, na kidonda kilichotoka pale miwani inapokaa, daktari wa kwanza alisema ni saratani ya ngozi, ikatwe. Otieno ni fundi wa simu. Bila miwani hafanyi kazi yoyote. "Wakikata pua, Dada, miwani nitaweka wapi?" Basi akakaa na kidonda chake miezi, mimi nikibembeleza mpaka nikachoka. Kisha akasikia redioni kwamba ziko nchi ambako saratani kama hiyo hupakwa dawa yenye mionzi, bila kisu. Akataka twende Homa Bay kuulizia. Nilifunga mkoba kabla hajabadili nia.

Asubuhi, tukipishana na malori ya miwa, nilimvisha kofia pana niliyomnunulia na kumwapisha asiivue juani. Aliapa.

Ndhiwa, kwa shangazi yetu Penina, ambaye kwa Kijaluo tunamwita Waya, kiapo kikaisha. Waya hamwachi mgeni apite bila maombi, na maombi yake ni uani, wanaume vichwa wazi. Otieno akavua kofia. Waya aliombea marehemu babu, akaombea ng'ombe, akamalizia na madereva wote wa Kenya, jua likimwakia ndugu yangu usoni. Nilimkanyaga mguu, akadhani namhimiza aseme amina. Baadaye nilipomgombeza aliniuliza kama nilitaka amkosee Mungu heshima. Waya naye akasema mji umenifundisha ukaidi.

Homa Bay, foleni ya kliniki ya ngozi ilikuwa nje, kwenye benchi lisilo na kivuli. Akaja mhubiri kuwaombea wagonjwa. Wanaume wote wakavua kofia, na wangu wa kwanza. Kwenye kliniki ya ngozi! Nilitaka kulia.

Daktari alikuwa dada mpole. Alikimulika kidonda, akakipima, akatueleza kwamba dawa hiyo ipo kweli: hupakwa juu ya utando mwembamba ili isiguse ngozi, huachwa kwa muda, kisha huondolewa. Lakini yeye hana, wala hajui hospitali ya karibu iliyo nayo. Otieno akainamisha kichwa. Nami nilikasirika, maana mtu hapaswi kusafiri kote huko kuambiwa kitu kipo kwa wengine.

Ndipo daktari akasema saratani yake bado haijazama. Kisumu kuna mionzi ya mashine, ataenda mara nyingi, na huenda pua ikabaki nzima. Kukata ndiyo njia ya haraka, lakini achague sasa; akikawia tena hatakuwa na la kuchagua.

"Nitaenda Kisumu," Otieno akasema.

Miezi yote ile, na yalikuwa maneno mawili tu. Daktari akaitazama kofia iliyolala magotini mwake. "Mionzi itatibu hiki. Jua litakuletea kingine, na siku hiyo labda nitakuwa na kisu peke yake."

Alasiri tulishika njia ya kurudi. Nilijua kinachotungoja Ndhiwa, na kweli, Waya alipomaliza kutusikiliza alitutoa uani kwa maombi ya shukrani. "Wanaume, kofia," akakumbusha, jua bado kali. Nilifumba macho kwa sababu sikutaka kuona. Waya akaanza na marehemu babu. Alipofika kwa ng'ombe uvumilivu ukaniishia.

"Otieno, vaa hiyo kofia!" nilisema, katikati ya maombi.

Maombi yakakatika.

"Nimevaa, Dada," akajibu polepole. "Sijaivua."

Nilifumbua macho. Ilikuwa kichwani, ameivuta mpaka kwenye miwani. Waya alikuwa amesimama mbele yake, anamtazama pua, na sijui alikuwa amefumbua macho tangu lini.

"Akinyi," akaniambia, "fumba macho tumalize. Jua linamchoma mtoto."

Siku hiyo madereva wa Kenya hawakuombewa.