Ejo Mbili

Barua pepe ilinikuta Minago, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwa shangazi, likizo ya mwaka wa tatu. Kampuni moja ya Bujumbura inayotengeneza programu za simu ilitaka mwanafunzi mmoja wa sayansi ya kompyuta kwa staji, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi sita, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioitwa kuhojiwa. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Kisha nikasoma mstari wa mwisho: usituletee vyeti, tuletee kitu ulichotengeneza na ambacho watu wanakitumia.

Nikanywea. Vyeti ninavyo, vya kujaza mkoba! Kila somo la bure la mtandaoni nililoliona nililimaliza, nikidhani ndivyo mtu anavyojiandaa kwa kazi. Lakini kitu kinachotumiwa na watu? Hata na mtu mmoja? Sikuwa nacho, na zilibaki wiki tatu. Niliitaka ile staji kuliko nilivyowahi kutaka chakula, na mimi kwa chakula najulikana.

Shangazi yangu anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, pamoja na wanawake wenzake kumi na mmoja. Wanunuzi hutoka Bujumbura na pikapu, na mara nyingi hufika siku isiyo yake: samaki bado wabichi, au wamekauka zamani wakachukuliwa na wengine. Nikasema, kazi yangu si hii hapa, imelala juani? Kwa siku nne niliandika programu. Mwanamke anatuma ujumbe mfupi kusema ndagala zake ziko tayari lini, programu inatafuta neno la siku, mnunuzi anapata taarifa. Niliiandikia: leo ni leo, na ejo, neno la Kirundi, ni kesho. Ikafanya kazi mara ya kwanza! Nikavimba kichwa, nikawa natembea ufukweni kama mkurugenzi.

Mimi nilizaliwa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na Kirundi nilianza kukizungumza sawasawa baada ya kurudi, nikiwa na miaka kumi na miwili. Mpaka leo nahesabu siku kwa Kiswahili, ambamo jana ni jana na kesho ni kesho. Kwa Kirundi jana ni ejo, na kesho pia ni ejo; msikilizaji anajua ipi kwa maneno yaliyobaki. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Nami nilikuwa nalijua, ila nilipoketi mbele ya kompyuta nililisahau kabisa.

Shangazi akatuma: “Ndagala zimekauka ejo.” Yaani jana. Programu yangu ikamwambia mnunuzi aje kesho. Mnunuzi alikuwa tayari njiani, karibu kufika. Akageuza gari akarudi zake Bujumbura. Alasiri mvua ikashuka ghafla, ndagala zikalowa, kuanika kukaanza upya.

“Wewe mutoto,” shangazi aliniambia, mikono kiunoni, “ile mashine yako iko na masikio ya wapi? Nimesema zimekauka. Inataka zikauke mara ngapi?”

Nilifunga kompyuta nikaenda kuanika naye. Siku tatu niligeuza samaki, daftari mfukoni, nikiandika kila namna wale wanawake wanavyozitaja siku. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi niliuliza mpaka wakanichoka. Wa kwanza alisema “kisha soko”, yaani baada ya soko, wa pili “mbele ya misa”, yaani kabla ya misa, wa tatu “jua likikubali”. Jamani, nilifurahi! Hakuna darasa lililowahi kunifundisha hayo, na kila neno lilinipa hamu ya kukimbilia kompyuta.

Nikabadilisha programu. Ikikutana na ejo, sasa haikisii, inauliza: “Zimekauka, ao zitakauka?” Shangazi alipojibu na mnunuzi akapata siku sahihi, niliruka kwa furaha, nikatua juu ya ndagala za jirani. Nilifukuzwa kwa ufagio.

Siku ya mahojiano nilikuta watu watatu mezani. Mmoja aliuliza programu yangu iliwahi kukosea wapi. Nilitamani kuficha, lakini nikaeleza yote, ejo, mvua na hasira za shangazi. Wakatazamana. Mkubwa wao akasema nimpigie simu mtu mmoja anayeitumia, kwa sauti ya kusikika na wote. Nilipiga Minago.

“Amahoro, mama,” mkubwa alimsalimu shangazi. “Huyu mutoto anafaa kazi?”

Mawimbi ya Minago yalisikika simuni.

“Alitulowanishia ndagala,” shangazi akasema. “Kisha akakuja kukaa na sisi, akasikiliza. Mumuchukue. Lakini miezi sita ikiisha mumurudishe, sababu sisi ndio tulimupatia kazi ya kwanza.”

Wale watatu walicheka. Mimi nililia, na karatasi ya staji niliitia sahihi huku nikijifuta kamasi.